Mume analima tumbaku, mama mkwe ananiwekea chai, na mimi ni Mormoni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nimeolewa huku Urambo. Kabla ya ndoa nilikaa kwa dada yangu Dar es Salaam miaka minne, nikabatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni. Mume wangu ni Mmoraviani, hana neno na dini yangu. Taabu ni kwamba kanisa langu linakataza tumbaku na chai, nasi tunalima tumbaku, ekari tatu. Sivuti, lakini mimi ndiye ninayefunga majani kwenye fito na kuamka usiku kuchochea moto wa bani, banda la kukaushia majani. Rafiki yangu wa kanisani Dar kaniambia kwenye simu kuwa kutoa zaka ya pesa ya tumbaku ni kumpelekea Mungu sigara. Tangu hapo silali. Hata asubuhi nikichuma majani yenye umande kichwa kinauma na natapika, naona ni dhamiri inanisuta.*

*Pili, mama mkwe kila nikienda ananiwekea chai ya rangi. Nikikataa ananuna, na sasa amewaambia majirani kwamba namwogopa, eti nadhani ataniwekea kitu. La tatu naona haya: mume amesikia kuwa Wamormoni wanaoa wake wengi, anasema kwa utani dini yangu imempa ruhusa. Utani huo umefika mara ya nne. Nisaidie. Mchochea Moto, Urambo.*

Marahaba, mwanangu. Pole na bani. Nimekulia kwenye moshi huo hapa hapa mkoani Tabora, naujua usingizi wa mtu aliyeacha sikio moja macho lisikilize kuni.

Nianze na la tatu, maana ndilo fupi. Mwambie mumeo habari zake zimechelewa zaidi ya miaka 130. Ni kweli watu wa kanisa letu, maana nami ni muumini mwenzako, walioa wake wengi huko Marekani katika karne ya 19, na sioni sababu ya kuficha. Mwaka 1890 Wilford Woodruff, aliyekuwa rais wa kanisa, alitoa tamko la kuacha, na leo muumini akiongeza mke anaondolewa kanisani. Walioendelea ni vikundi vilivyojitenga, na hao ndio wanaofuatwa na kamera. Nani atakaa kumtazama mtu mwenye mke mmoja akikunja viti baada ya ibada? Isitoshe, mumeo ni Mmoraviani. Hata ruhusa ingekuwapo, isingekuwa yake. Muulize tu huyo wa pili ndiye atakayeamka saa nane usiku kuchochea bani, au naye atakuja kulala kama yeye. Utani ukifika mara ya tano, niandikie upya, tutaliita jina lake na dini haitakuwamo.

Naelewa pia kwa nini anachanganya mambo. Mimi hapa Tabora mjini nikisema "Mormoni", watu wanadhani nimekosea kutamka "Moraviani", wananiuliza naimba kwaya ya ushirika gani. Mwaka 2018 rais wetu wa wakati huo, Russell M. Nelson, alituomba tuache jina hilo la mkato na tutaje jina zima la kanisa. Natii, lakini bodaboda akiniuliza nasali wapi, nikimaliza kulitaja tumeshafika na ameshasahau swali.

Sasa chai. Hapa nina kovu langu. Mara yangu ya kwanza kukataa chai ilikuwa msibani. Mwenye nyumba aliniletea kikombe kwa mikono yake miwili, nami mbele ya wanawake kumi na mbili nikasema kwa sauti ya ushujaa, "Sinywi chai." Mimi nilisema sinywi chai; yeye alisikia sinywi chai *yako*. Ilichukua karibu mwaka na magunia mawili ya mkaa kurudisha uhusiano ule.

Mama mkwe wako hakupi kinywaji. Anakupa ukaribisho, pamoja na sukari aliyoibana kwa ajili ya mgeni. Ukikisukuma kikombe, umesukuma vyote hivyo, na mwanamke aliyesukumwa hutafuta maelezo. La sumu ndilo lililokuwa karibu. Kwa hiyo usingoje birika lichemke. Nenda siku ya kazi, asubuhi, peke yako, kabla hajawasha moto, ukamwombe kitu. "Mama, leo nimekuja na hamu ya uji wako." Au matobolwa yake, au maziwa ya moto. Wazee wetu hawapendi kukataliwa, lakini kuombwa wanakupenda mno. Mkishakaa, mweleze kwa maneno machache kuwa kanisani kwenu mmeahidi kuacha majani ya chai na kahawa, na kwamba ahadi hiyo uliiweka kabla hujamjua yeye. Usimwambie chai ni dhambi. Amesali maisha yake yote na kikombe mkononi, na kwa chai hiyo hiyo alimkuza mwanamume uliyempenda.

Ajue pia kwamba tatizo si moto wala sukari. Andiko letu linasema "vinywaji vya moto", na viongozi tangu mapema walifafanua kuwa maana yake ni chai na kahawa. Ingekuwa ni moto wenyewe, uji ungetupeleka jehanamu mkoa mzima. Mchaichai unaruhusiwa. Tangawizi inaruhusiwa. Mpelekee shina la mchaichai apande karibu na anapomwagia maji ya kuoshea vyombo, litashika lenyewe. Akikuchemshia majani aliyoyachuma uani kwake, unywe mpaka uone kitako cha kikombe, kisha uombe kingine.

Nije kwenye tumbaku, ambayo najua ndiyo iliyokufanya ushike kalamu.

Unajua Neno la Hekima, andiko letu la kuacha tumbaku, chai na kahawa, lilianzaje? Nadhani Dar walikufundisha masharti wakaruka kisa. Ilikuwa Kirtland, Ohio, Februari 1833. Joseph Smith alikuwa akiwafundisha wazee wa kanisa kwenye chumba kidogo ghorofani, juu ya jiko la nyumba aliyoishi. Brigham Young alisimulia baadaye kwamba wanaume wale walikuwa wakiingia wanawasha viko, wengine wanatafuna tumbaku na kutema sakafuni, na Emma, mke wa Joseph, ndiye aliyebaki akisugua sakafu ile. Emma alilalamika. Joseph mwenyewe alichoka kufundisha ndani ya wingu la moshi. Akaenda kuuliza kwa Mungu, na jibu ndilo sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vyetu vitakatifu. Kwa hiyo mwanamke anayehangaika na tumbaku ya wanaume si mgeni katika andiko hili. Yumo tangu siku ya kwanza, na tambara lake mkononi.

Lisome tena polepole. Linasema tumbaku si ya mwili wala ya tumbo, bali ni dawa ya michubuko na ya ng'ombe wote wagonjwa. Ng'ombe wagonjwa! Sijawahi kukutana na Mnyamwezi wala Msukuma aliyemtibu ng'ombe wake hivyo, lakini nimelihifadhi kwa siku ambayo afisa mifugo atanichokoza. (Humo humo imeandikwa kuwa mahindi ni ya fahali, na huwa napita hapo haraka nikiwa na sahani ya ugali. Aya moja juu yake inasema nafaka zote ni chakula cha binadamu, namshukuru Mungu.) Linasema pia kwamba halikutolewa kama amri, ila kama ushauri unaolingana na uwezo wa walio dhaifu kuliko wote. Watu walichukua muda wao. Kulishika hakukuwa sharti la kuingia hekaluni mpaka 1921. Hesabu mwenyewe: miaka 88. Na wewe unataka bani lako lizimike kabla ya masika kwisha.

Huyo rafiki yako wa simu naye nimpe kisa. Huko kusini mwa Utah, katika karne hiyo ya 19, Watakatifu walipelekwa kulima zabibu, wakatengeneza divai, na wapo walioleta divai ile kanisani kama zaka. Mtu alikuja na pipa, karani akaandika kitabuni. Baadaye utaratibu huo uliachwa, na ni vizuri uliachwa, lakini anayekuambia kwamba Mungu wetu hajawahi kupokea zaka yenye harufu ameharakisha kuhukumu. Hakuna aya inayomwita mkulima wa Urambo mkosefu. Wanapokuhoji kwa ajili ya kibali cha hekalu, wanakuuliza kama wewe unalishika Neno la Hekima. Shamba haliulizwi.

Lakini sitakufuta machozi yote. Aya ya nne ya sehemu hiyo hiyo inaonya juu ya hila zilizomo mioyoni mwa watu wenye njama katika siku za mwisho, na mtu aliyemzika baba kwa kikohozi cha sigara, kama mimi, hawezi kujifanya hajui robota likitoka ghalani linakwenda wapi. Wewe si mwenye njama. Wewe ni mwenye deni la mbolea. Ila ukikosa usingizi kidogo, sitakwambia ni ujinga.

Zaka yenyewe ina swali ambalo hukuliuliza, nalo linanisumbua kuliko la sigara: unatoa pesa ya nani? Sheria yetu ni sehemu ya kumi ya ongezeko la mwaka, na kila mtu hupiga hesabu yake na Mungu wake. Tumbaku ikiuzwa, chama cha msingi cha wakulima kinakata kwanza mkopo wa pembejeo, na kinachobaki ni cha wawili. Kama mume amekubali, toa bila kutetemeka. Kama unachomoa kimya kimya kutoka kwenye bahasha yake, huo ni wizi wenye nia njema. Toa ya kuku wako. Toa ya karanga zako. Hiyo hata rafiki yako wa Dar hawezi kuinusa.

Na mumeo usimhubirie. Kanisani tumezoea kuketi na familia Jumatatu jioni, wimbo, somo fupi, kitu cha kutafuna. Wewe fanya hivyo, lakini baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, akishasikia alichotaka kusikia kuhusu bei. Acha andiko chumbani, uje na daftari. Andika mbolea, dawa, vibarua, kuni, deni. Andika pia usiku ulizokesha, maana hizo chama hakikati wala hakilipi. Kisha omba kitu kidogo anachoweza kukubali bila kuona ameshindwa: mizinga mitano.

Ndiyo, nyuki. Tuko Tabora, mwanangu, asali yetu inajulikana nchi nzima kwa sababu ya msitu wa miyombo, na msitu huo huo ndio bani lako linaoula kila msimu. Kila mti mnaopeleka motoni kukausha majani ni maua ambayo nyuki hawatayaona. Katika Kitabu cha Mormoni, kitabu cha Etheri, kuna watu waliosafiri jangwani wamebeba nyuki, na wakawaita *deseret*. Ndiyo maana Utah mpaka leo alama yake ni mzinga. Walowezi wale walitoka mbali kutafuta nchi ya kuiita ya nyuki, na sisi tumezaliwa ndani yake tunaichoma. Mizinga iweke mbali na shamba, dawa zinazonyunyiziwa tumbaku huua nyuki. Usimwahidi mumeo utajiri. Mwambie tu hii ni pesa isiyodai mbolea ya mkopo, na mwakani mtazame daftari tena. Labda ekari tatu zitakuwa mbili na nusu.

Nimebakiza la kutapika. Hiyo si dhamiri. Dhamiri haingoji umande. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na maji hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi, na mtu huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu na kutapika, awe mtakatifu au mlevi. Nilipatwa nayo nikiwa na miaka tisa, na dhambi yangu kubwa wakati huo ilikuwa kuiba embe. Ngoja umande ukauke ndipo uchume. Vaa mikono mirefu, glavu ukizipata, na nguo zikilowa badilisha upesi, unawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Ila kama unatapika hata siku usizoingia shambani, na siku zako zimepita, funga daftari uende zahanati kesho, na majani hayo usiyaguse mpaka wakupe jibu. Mjamzito hapaswi kushika tumbaku mbichi. Jibu likiwa ndilo ninalolihisi, mwambie mumeo kwanza, kisha mama mkwe, siku hiyo hiyo, kabla majirani hawajamwambia. La chai hutalisikia tena. Atakuja kukupikia uji mwenyewe, nyumbani kwako.