Meza ya mvuto kwanza, au pembetatu na mito? Jibu langu kuhusu kushikilia mguu wakati wa upasuaji wa mfupa

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba chumba chenu cha upasuaji kimeanza kutibu mifupa mirefu iliyovunjika, kwamba mguu wa mgonjwa hushikiliwa na msaidizi mmoja kwa mikono yake mpaka anachoka, na kwamba mmeruhusiwa kununua kifaa kimoja kikubwa tu. Umeuliza kama kifaa hicho kiwe meza ya mvuto, yaani meza ya upasuaji inayouvuta mguu na kuushikilia ukiwa umenyooka, na ukaongeza kuuliza kama shuka zilizokunjwa, mnazozitumia sasa, zina ubaya wowote. Kazi yangu kwa miaka 17 imekuwa kulaza wagonjwa na kuandaa meza katika upasuaji wa mifupa, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyafanya na kuyaona mwenyewe.

Ikiwa wagonjwa wenu wengi wamevunjika muundi, goti au kifundo cha mguu, meza ya mvuto isubiri. Tafuteni kwanza meza ya kawaida ambayo sehemu yake ya miguu inapitisha eksirei, pembetatu za kukunjia goti za ukubwa usiopungua mbili, na mito ya jeli ya kutosha. Ikiwa wengi wao ni wazee waliovunjika nyonga, hapo meza ya mvuto inastahili kutangulia. Sisemi hivi kwa sababu ya gharama. Kila kifaa cha kushikilia kiungo humgusa mgonjwa mahali fulani na kumbana hapo muda wote wa upasuaji, na mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kusema kwamba anaumia. Kadiri kifaa kinavyokuwa na nguvu kubwa ya kuvuta na kubana, ndivyo kinavyodai watu waliokizoea, na ninyi bado mnaanza.

Kuhusu msaidizi wenu anayechoka, msimlaumu. Mguu mmoja wa mtu mzima huwa na takriban moja ya sita ya uzito wa mwili wake, kwa hiyo mgonjwa wa kilo 72 humwachia msaidizi mzigo wa karibu kilo 12, ambao anapaswa kuushika bila kutikisika, mikono ikiwa mbali na kifua chake, na mara nyingi akiwa amevaa koti zito la risasi la kumkinga na mionzi. Baada ya muda mfupi mguu huanza kushuka kidogo kidogo bila yeye kujua, vipande vya mfupa vilivyokuwa vimepangwa vinapishana, na daktari analazimika kupiga picha nyingine ya eksirei. Kifaa cha kushikilia mguu humpunguzia mtu uchovu, na pia hupunguza idadi ya picha, na hivyo mionzi kwa kila aliyemo chumbani.

Kwa msumari wa muundi, yaani fimbo ndefu ya chuma inayopitishwa ndani ya mfupa ili kuushikilia, unaoingizwa chini ya pia ya goti, goti linahitaji kukunjwa digrii 90 au zaidi, la sivyo pia ya goti inamzuia daktari kufika penye njia sahihi ya kuingilia. Hapo ndipo pembetatu inapofanya kazi yake. Wengi huisukuma mpaka nyuma ya goti kabisa, na hilo ni kosa, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unapita hapo pamoja na neva, na ukingo wa pembetatu unaubana. Iwekeni chini ya paja, karibu na goti lakini isiingie kwenye uwazi wa nyuma ya goti, na juu yake pawe na mto wa jeli au sponji nene. Tena, hakikisheni imetengenezwa kwa kitu kinachopitisha eksirei. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo fundi alitutengenezea pembetatu ya chuma, imara kweli kweli, lakini kila picha ya pembeni ilionyesha fimbo nyeusi imepita juu ya mfupa pale pale tulipotaka kuona.

Muundi uliovunjika karibu na goti una tabia yake. Goti likikunjwa sana, kano inayotoka kwenye pia ya goti hukivuta kipande cha juu, kikainuka mbele, na msumari unaingia ukiwa umepinda. Madaktari wengi sasa huingiza msumari huo kupitia juu ya pia ya goti, goti likiwa limekunjwa kati ya digrii 10 na 20 tu. Kwa njia hiyo hamhitaji pembetatu ndefu, bali mto mfupi mgumu chini ya goti, na siamu, yaani ile mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la C, inazunguka mguu uliolala bila kuhangaika. Kabla ya kununua chochote, muulizeni daktari wenu anatumia njia ipi, kwa sababu jibu lake litabadilisha orodha yenu.

Kuna kifaa kidogo ambacho hakikosekani mezani kwangu, nacho ni mto mdogo chini ya tako la upande unaopasuliwa. Mtu akilala chali akiwa usingizini, mguu wake hujigeuza kwa nje, vidole vikaelekea ukutani badala ya darini. Mto huo huinua tako kidogo, mguu wote ukageuka, na pia ya goti ikatazama juu. Bila huo mto mtu analazimika kuugeuza mguu kwa mkono muda wote, na daktari hapati picha za kweli za mbele na za pembeni. Ninapouweka, husimama upande wa miguu nikaziangalia pia zote mbili za goti kwa pamoja, kwa kuwa mguu mzima ndio kipimo cha mguu uliovunjika.

Sasa nieleze jambo linalonifanya niandike kwa kirefu namna hii. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nisiyoitaja, tulimfunga msumari kijana aliyevunjika muundi wa kulia. Mguu wa kushoto, ule mzima, niliufunga mimi mwenyewe kwa mkanda kwenye kishikio cha pembeni ya meza ili usimzuie daktari. Niliweka mto chini ya kisigino nikaridhika. Upasuaji ulizidi saa tatu, picha za mwisho zilikuwa nzuri, na kila mtu alifurahi. Asubuhi iliyofuata kijana alikuwa ameketi kitandani akiutazama mguu wake wa kushoto, akijaribu kuinua vidole na vikakataa. Unyayo ulikuwa umelegea, na sehemu ya juu ya mguu haikusikia hata nilipoigusa kwa kidole. Nilimfunua nikaona alama nyekundu, nyembamba kama unene wa penseli, upande wa nje chini kidogo ya goti. Mguu ule ulikuwa umejigeuza kwa nje chini ya shuka, ukaegemea chuma cha kishikio pale pale neva inapozunguka shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba wa pembeni. Mahali hapo neva haina nyama ya kuikinga; iko kati ya ngozi na mfupa tu. Ilichukua miezi minne, na kifaa cha kushikilia unyayo ndani ya kiatu, kabla hajatembea bila kuburuta vidole. Alipona, lakini mimi sijausahau mguu ule.

Tangu siku hiyo mguu mzima naushughulikia kabla ya ule unaopasuliwa. Upande wa nje wa goti ninaachia nafasi ya kupitisha kiganja kati yake na chuma chochote, mkanda haupiti juu ya goti wala juu ya shingo ya fibula, na kisigino kinaelea kwa kuinuliwa chini ya shavu la mguu. Kila saa moja huomba ruhusa ya mtaalamu wa usingizi nikaingiza mkono chini ya shuka, kwa upande usio tasa (usiosafishwa vijidudu), nikapapasa kama mguu bado uko pale nilipouacha. Kazi hiyo haimalizi dakika moja.

Nirudi kwenye meza ya mvuto. Uzuri wake ni mkubwa: huvuta mguu kwa nguvu isiyopungua, hushika mzunguko wa mguu uliouchagua, na siamu hupita kwa uhuru kati ya miguu. Kwa nyonga iliyovunjika sijaona kifaa kinachoifikia. Lakini mvuto unahitaji kitu cha kumzuia mgonjwa asivutike mzima mzima, na kitu hicho ni nguzo ya msamba, inayosimama katikati ya mapaja. Nguvu yote ya mvuto inaishia hapo. Neva inayohudumia sehemu za siri hubanwa kati ya nguzo na mfupa wa fupanyonga, na mgonjwa anaweza kuamka na ganzi ya sehemu hizo, au mwanamume akapata shida ya nguvu za kiume, jambo ambalo wengi huona haya kumwambia daktari. Nguzo iwe nene, zaidi ya sentimita 10 pamoja na sponji yake, na kabla mvuto haujaanza mtu mmoja atazame kwa macho yake kwamba hakuna kilichobanwa, wala mrija wa mkojo haujanaswa. Vuteni kwa kiasi kile tu kinachopanga vipande, na mara vyuma vikishashika mfupa legezeni, msiache mguu ukivutwa mpaka ngozi ishonwe.

Hatari ya pili ya meza hiyo iko tena kwenye mguu mzima. Wengine huuinua juu kwenye kishikio, goti likiwa limekunjwa na shavu la mguu likining'inia juu yake, ili siamu ipate njia. Mguu ulioinuliwa hupata damu kidogo, shavu linakandamizwa, na baada ya saa nyingi shinikizo ndani ya misuli hupanda mpaka misuli inaanza kufa. Mimi huchagua kuinyoosha miguu yote miwili, mmoja ukiwa chini kidogo ya mwingine kama mkasi uliofunguliwa, na siamu hupata picha ya pembeni bila taabu. Kiatu cha mvuto nacho kinataka pamba nyingi kuzunguka kifundo, na kisigino kiingie mpaka mwisho, maana ngozi ya mzee huchunika kwa urahisi.

Kwa fupa la paja katikati, inawezekana kufanya bila meza ya mvuto. Mgonjwa hulazwa kwenye meza bapa inayopitisha eksirei, mguu ukaachwa huru ndani ya shuka tasa, na msaidizi huvuta kwa mkono wakati wa kupanga vipande tu. Faida ambayo watu huipuuza ni kwamba miguu yote miwili ikiwa huru unaweza kulinganisha urefu na mzunguko wake kabla ya kufunga skrubu za mwisho. Paja lililopona likiwa limegeuka humsumbua mtu maisha yake yote, na juu ya meza ya mvuto kosa hilo hujificha kwa sababu unyayo umefungwa ndani ya kiatu na unaonekana umenyooka.

Mikono nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa hukuiuliza. Ubao wa mkono usifunguliwe kupita digrii 90 kutoka kwenye mwili, kiganja kitazame juu, na kiwiko kiwe na mto. Hata mguu ndio unaopasuliwa, mikono iko mezani, na neva zake huumia vilevile.

Lolote mtakalonunua, fanyeni jaribio kabla ya kumfunika mgonjwa. Akishalazwa, leteni siamu na izungusheni mpaka picha ya mbele na ya pembeni zionekane kuanzia goti mpaka kifundo. Mara nyingi utagundua kwamba nguzo ya meza iko chini ya sehemu unayotaka kuiona, na kumshusha mgonjwa kidogo kuelekea mwisho wa meza ni rahisi wakati huo, kuliko baada ya shuka tasa na jeraha lililo wazi. Mkanda wa kuzuia damu nao ufungwe juu ya pamba, ukingo wake ukizibwa kwa plastiki, kwa sababu dawa ya kusafishia ngozi ikipenya chini yake na kutuama huunguza ngozi.

Sasa shuka zenu zilizokunjwa. Kwa kubeba uzito wa mguu kwa saa nyingi hazifai, kwani hushuka kadiri muda unavyokwenda, hunyonya maji na damu, na mikunjo yake huwa migumu kama ukingo wa ubao. Lakini msizitupe zote. Shuka tasa iliyokunjwa kwa ukubwa wa ngumi, ikisukumwa chini ya paja pale pale lilipovunjika, hukiinua kipande kilichozama kwa uzito wake, nayo haionekani kwenye eksirei. Mimi huandaa tatu za unene tofauti juu ya meza ya vifaa, na daktari huomba moja kabla hajapitisha waya wa kwanza.