Dima na taa za LED: kwa nini zinachezacheza, na nilivyozituliza za kwangu

Mkuu, umesema taa za LED ulizoweka sebuleni zinachezacheza ukizipunguza kwa dima (swichi ya kupunguza mwanga), ukizima zinabaki na mwanga hafifu, na moja imeshakufa kabla ya mwezi kwisha. Fundi wako anasema umeuziwa feki. Inawezekana, Kariakoo feki hazikosekani, lakini dalili hizo tatu zikija pamoja mimi naanza kuishuku dima. Nyumba yangu ilikuwa na dima hizohizo za zamani, na karibu kila chumba kilinipa shida yake.

Dima haipunguzi umeme kama koki inavyopunguza maji. Umeme wetu ni wa 230V, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila nusu ya wimbi inachukua milisekunde 10. Dima ya zamani inazuia umeme mwanzoni mwa kila nusu wimbi, halafu inauachia ghafla. Globu ya uzi haijali hilo, kwa sababu uzi ukishashika moto haupoi ndani ya muda mfupi hivyo. LED ina draiva ndani ya kitako, yaani kisakiti kinachoilisha umeme, na draiva ya kawaida imeundwa ili mwanga usibadilike hata umeme ukishuka. Kwa sisi tunaojua umeme wa saa mbili usiku, hiyo ni sifa. Ukiiweka kwenye dima inageuka balaa: wewe unapunguza, draiva inapambana kurudisha mwanga, ikishindwa inazima, inajichaji, inawaka tena. Ndiyo disko unaloliona.

Kwa hiyo soma boksi kwanza. Lazima liwe limeandikwa "dimmable". Kama limeandikwa "non-dimmable", au lina alama ya dima iliyokatwa mstari, usihangaike na mengine yote, hizo taa zipeleke jikoni kwenye swichi ya kawaida. Zikiendelea kukaa kwenye dima, kapasita zake (vihifadhi umeme vidogo ndani ya draiva) zinapigwa na mkondo mkali mara 100 kila sekunde, zinachemka na kufa. Nadhani hiyo yako moja imekwenda hivyo.

Taa zikiwa sahihi, njoo kwenye hesabu, na hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka. Zima sakiti breka, toa dima ukutani, soma mgongoni. Yangu ya sebuleni iliandikwa 60–400W. Zamani zilikuwa globu sita za 60W, jumla 360W, na dima ilikuwa na raha zake. Nikaweka LED sita za 7W, jumla 42W. Tayari niko chini ya kiwango cha chini cha dima, na ikikosa mzigo wa kutosha, yaani taa za kula umeme, inashindwa kubaki imefunguka hadi mwisho wa wimbi. Kuna jambo la pili: hiyo 400W ni ya globu za uzi. Kwa LED, kadirio linalotumiwa sana ni kuihesabu dima ya aina hii kwa sehemu moja ya kumi, yaani 40W hivi, kwa sababu ya ule mkondo wa ghafla. Sasa angalia: inadai si chini ya 60W, na kwa LED haifai kuvuka 40W. Hakuna idadi ya taa itakayoiridhisha dima hiyo. Ndiyo maana nakwambia usinunue tena taa kabla hujabadili dima.

Kama bado una shaka, ipo njia rahisi ya kupima. Tafuta globu moja ya zamani ya uzi, iweke badala ya LED mojawapo. Kuchezacheza kukikoma, tatizo ni mzigo mdogo. Kukiendelea, tatizo ni draiva za taa au umeme wenyewe.

Dima ya kutafuta ni iliyoandikwa "trailing edge", yenye kiwango cha LED peke yake, mfano 5–150W. Hii inaachia umeme tangu mwanzo wa wimbi na kuukata mwishoni, kwa hiyo draiva haipigwi ghafla, na hata mvumo wa dima unapungua. Ni ghali kuliko ya kawaida na si kila duka linayo. Usikubali kuuziwa regulata ya feni eti "ni kitu kilekile". Si kilekile.

Ukishaifunga, dima nyingi za namna hii zina kiskrubu cha kurekebisha kiwango cha chini. Shusha mwanga hadi mwisho, zungusha kiskrubu taratibu hadi taa zote zitulie, halafu zima na uwashe zikiwa hapohapo chini. Kama kuna inayochelewa au kukataa kuwaka, panda kidogo. Rudia usiku, umeme ukiwa umeshuka, maana mipangilio ya saa nne asubuhi inaweza kukuaibisha mbele ya wageni. Na taa zote ziwe za aina moja. Ukichanganya, moja itazima wakati nyingine bado zinawaka. Usitarajie giza la kimahaba pia: LED ikishushwa hadi asilimia 10 ya mwanga wake, jicho linaiona kama bado iko kwenye asilimia 30 hivi.

Ule mwanga unaobaki ukizima una sababu mbili. Dima isiyo na waya wa nyutro (waya wa kurudisha umeme) hupitisha mkondo mdogo kwenye taa ili yenyewe iishi, na LED inatosheka na kidogo hicho. Dawa yake ni dima yenye nyutro au kifaa kidogo cha kufungwa sambamba na taa. Sababu ya pili ni mbaya zaidi: fundi amekata nyutro kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Hapo holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayebadili taa anaweza kupigwa shoti. Mwambie fundi apime hili kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wenye sola au inveta ya akiba: inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini, zinatoa la ngazi-ngazi, na dima inachanganyikiwa kabisa. TANESCO wakiwa wamekata, mimi naweka dima juu hadi mwisho na kuiacha hapo.

Chumbani kwangu niliitoa dima nikagawa taa kwenye swichi mbili, nne kwa moja na mbili kwa nyingine. Imegharimu waya kidogo na nusu siku ya fundi, na mke wangu anaipenda kuliko ile ya sebuleni.