Manowari za chuma: zilibadilisha nini?

SWALI: Mwaka 1862 manowari mbili za chuma zilipigana Marekani na hakuna iliyozama. Sasa umaarufu wake unatoka wapi?

JIBU: Anzia siku iliyotangulia, ndugu yangu. Ilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini. Machi 8, huko Hampton Roads, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, manowari ya chuma ya Kusini iitwayo Virginia iliitoboa Cumberland, meli ya mbao ya Kaskazini, kwa pembe ya chuma iliyofungwa omoni, ikaizamisha, kisha ikaichoma moto Congress, nyingine ya mbao ya Kaskazini. Mizinga ya Kaskazini ilipiga ubavu wa Virginia, risasi zikadunda. Kwangu mimi, enzi ya mbao iliishia hapo. Kesho yake ikaja Monitor, manowari ya chuma ya Kaskazini, sitaha karibu usawa wa maji, mizinga miwili ndani ya mnara unaozunguka. Zikatwangana kwa muda wa saa nne hivi. Mnara ule ndio ninaouenzi zaidi: huna haja ya kugeuza meli nzima ili ulenge.