Mkono Ukifa Ganzi, Usikimbilie Luthuli Kununua Kipanya

Msomaji anayejaza fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kutwa nzima katika saiba (duka la intaneti) moja hapa Nairobi ameniuliza anunue kipanya gani, maana mkono wa kulia humfa ganzi usiku. Dada yangu, kabla hujatoa hela kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, angalia ni vidole vipi. Gumba, shahada na cha kati vikifa ganzi, mara nyingi neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kikiwa kidole cha mwisho, shuku kiwiko. Hapo kipanya kipya hakikufai kitu ukiendelea kuegemea ukingo wa meza. Na ukianza kuangusha vikombe, nenda kwa daktari, si dukani.

Anza na kisicho na gharama: hamishia kipanya ulicho nacho kushoto, kisha geuza vitufe kwenye mipangilio. Zile tarakimu za kulia mwa kibodi hukisukuma kipanya mbali, bega likashinda limenyooshwa. Kushoto hazipo.

Kipanya cha wima hushikwa kama unamsalimu mtu, kwa hiyo mifupa miwili ya kigasha haikai imepishana. Logitech Lift imeinama nyuzi 57, na ina toleo la mashoto; vingi vya bei nafuu ni vya mkono wa kulia tu. Kosa la kawaida ni kukisukuma kwa kifundo. Kisukume kwa kiwiko, mkono wote uende pamoja, la sivyo umebadilisha umbo tu na maumivu ni yale yale.

Trakboli, yaani kipanya chenye gololi, ndiyo ninayoipendekeza kwa meza finyu za saiba, kwani haiendi popote. Unazungusha gololi tu. Lakini chagua kwa makini. Gololi ya Logitech M575 huzungushwa kwa gumba, na gumba lililochoshwa na simu litazidi kuumia. Kensington Expert Mouse ina gololi kubwa katikati, ya kuzungushwa kwa vidole, kwa mkono wowote. Mwenye mkono unaotetemeka huifurahia: anafikisha kielekezi (ule mshale wa kwenye skrini), anaondoa vidole, ndipo anabofya, na kielekezi hakitoroki.

Ikianza kukwama usiitupe. Toa gololi (M575 ina tundu chini la kupitisha penseli), utaona vishikizo vitatu vidogo vinavyoibeba vimevaa mkanda wa vumbi na mafuta ya ngozi. Ukwangue kwa kijiti, pangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Kwa vumbi letu, fanya hivyo kila wiki.

Asiyeweza kushika chochote kati ya hivyo atumie kibodi yenyewe. Kwenye Windows bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kisha ukubali ujumbe utakaotokea. Tarakimu za pembeni zitasogeza kielekezi: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na pembe zake. 5 hubofya, + hubofya mara mbili, 0 hushikilia kitu cha kuburuta, nukta hukiachilia. Kitufe cha - hugeuza 5 iwe bofyo la kulia; / huirudisha. Wengi hudhani kibodi imeharibika nambari ya kitambulisho inapokataa kuingia: tumia tarakimu za safu ya juu. Laptopu isiyo na tarakimu pembeni itahitaji kibodi ndogo ya tarakimu ya USB, na hiyo, sasa, kaifuate Luthuli.