Nguruwe si panya mkubwa

Sindano ilikuwa fupi. Miezi minane nilikaa na plasmidi yangu, pete ndogo ya DNA ya kuwachanjia nguruwe, nikiisoma herufi kwa herufi, nikiikuza ndani ya bakteria na kuisafisha, na kilichokuja kunikwamisha ni kipande cha chuma kilichoishia kwenye mafuta ya shingo badala ya kufika kwenye msuli.

Nayasema haya kwa sababu kila mwaka, vyuo vikifungua, napata ujumbe kutoka kwa vijana wanaoanza shahada ya uzamili. Wanataka kutengeneza chanjo ya DNA dhidi ya homa ya nguruwe ya Afrika, na swali lao la kwanza huwa lilelile: nichukue jeni gani? Nawaelewa. Nami nilianzia hapohapo. Nimekulia Rungwe, mkoani Mbeya, na homa ile ilipoingia Kyela mwaka 2010 ikapanda kuja kwetu, mama alipoteza jike lake na vitoto vyote tisa ndani ya siku chache. Mtu aliyeona banda likinyamaza namna ile akipata nafasi ya kuingia maabara, atataka kurukia jeni.

Wazo lenyewe linavutia. Badala ya kumdunga mnyama kirusi kilichouawa au kilichodhoofishwa, unampa maelekezo tu: pete ndogo ya DNA, yaani plasmidi, yenye jeni moja ya kirusi na kipande kinachoiwasha, mara nyingi kilichoazimwa kutoka kwa kirusi cha saitomegalo. Seli za msuli zikiipokea, zinatengeneza zenyewe protini ya kirusi, na kinga ya mwili inaiona kana kwamba kirusi kimeingia. Hakuna kirusi hai cha kutoroka. Mwaka 1990 ilishaonekana kwamba DNA tupu ikidungwa kwenye msuli wa panya inasomwa na kutoa protini. Kufikia 2005 Marekani ilikuwa imeruhusu chanjo ya namna hii kwa farasi dhidi ya homa ya West Nile, na Kanada kwa samaki aina ya salmoni. Mwaka 2008 Australia iliidhinisha plasmidi kwa majike ya nguruwe. Ile haikuwa chanjo, ilibeba jeni ya kichocheo cha ukuaji, lakini ilithibitisha kwamba DNA inaweza kuingizwa kwenye nguruwe wa shambani ikafanya kazi.

Sasa swali la jeni. Timu ya Barcelona iliunganisha protini mbili za homa ya nguruwe ya Afrika, p30 na p54, ikaziweka kwenye plasmidi. Panya waliitikia vizuri. Nguruwe wakakaa kimya. Watafiti wakaongeza kipande cha kuzielekeza protini kwenye seli zinazoonyesha adui kwa mfumo wa kinga, na safari hii kingamwili zikaonekana kwa nguruwe. Walipowapa kirusi halisi, hawakukingika hata kidogo. Mwaka 2012 wakaja na mbinu nyingine: waliongeza sehemu ya protini ya tatu na kuzifunga zote kwa yubikwitini, alama ambayo seli huibandika kwenye protini inayotakiwa kukatwakatwa, ili vipande vyake vionyeshwe kwa seli T, askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa. Kingamwili hazikuonekana kabla ya nguruwe kupewa kirusi halisi, lakini baadhi ya nguruwe walipona. Mwaka 2014 wakatumia maktaba nzima ya vipande vya jeni za kirusi, maelfu ya plasmidi kwa pamoja, na asilimia 60 ya nguruwe waliochanjwa wakabaki hai.

Rudia kusoma aya hiyo kabla hujaandika pendekezo lako la utafiti. Kipimo cha kingamwili, kile ambacho sote tunakijua na ndicho rahisi, kilikuwa kikiwadanganya. Kama bajeti yako ina ELISA, kipimo hicho cha kingamwili, peke yake na haina namna ya kupima seli T, usiseme unatengeneza chanjo ya homa hii. Unapima kingamwili, basi. Kirusi chenyewe kina jeni zaidi ya 150 na kinaishi ndani ya makrofaji, seli ambazo ndizo zilitakiwa kukimeza na kukimaliza.

Mimi sikufanyia kazi homa hiyo. Nilikuwa masomoni Ulaya, na msimamizi wangu alinipa mafua ya nguruwe, kirusi chepesi kidogo kwa masharti ya usalama. Jeni ilikuwa ya protini ya juu ya kirusi, ile inayokishikiza kwenye seli. Tuliiandika upya kwa lahaja ya nguruwe. Naita lahaja kwa kuwa protini ni ileile, ila kila kiumbe kina herufi anazozipendelea kuiandikia, kama Mmvita na Mwunguja wanavyosema jambo moja kwa maneno tofauti. Panya walitoa matokeo mazuri mno. Nikampigia mama simu nikamwambia mambo yameiva. Nilikosea.

Panya ana gramu 20 hivi, nami nilimpa mikrogramu 50. Nguruwe wa kilo 20 ni mzito mara elfu moja. Hakuna anayempa miligramu 50, gharama haibebeki. Nilipanga nusu miligramu kwa kila dozi, dozi mbili, nguruwe sita. Kwenye karatasi hiyo ni miligramu sita. Kwenye chupa za bakteria ni lita nyingi, usiku mwingi, na safisha moja iliyoharibika yote. Kikazi nilichelewa wiki tatu.

Wiki tatu kwa panya si kitu. Kwa nguruwe aliyeachishwa kunyonya ni mnyama mwingine kabisa. Wale niliowapima na kilo 15 nikawakuta wanakaribia 25, shingo zimenenepa, na sindano nilizoagiza ni zilezile. Nikadunga. Damu ya wiki ya nne ilionyesha nguruwe wawili wana kingamwili kidogo, wanne hawana kitu. Aliyegundua kosa hakuwa profesa. Ni mzee mmoja aliyetunza mabanda, aliyeshika bomba langu, akaliangalia, akaniuliza kama nilikuwa nawachanja nguruwe au nawachoma mafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa vitendo: dunga nyuma tu ya sikio, ambako mafuta ni membamba, na chagua urefu wa sindano asubuhi ya siku ya kudunga, ukimtazama mnyama aliye mbele yako. Ukiweza kupata kifaa cha kurusha dawa kwenye ngozi kwa shinikizo, bila sindano, afadhali hicho. Ngozi ina seli nyingi za kinga kuliko msuli.

Pili, nguruwe hapati kingamwili za mama yake tumboni. Anazipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza. Ukinunua vitoto kutoka shamba ambalo mafua yamepita, vitakuja na kingamwili ambazo hukuzitengeneza wewe, na utashangilia kazi ya mama yao. Chukua damu kabla ya kulipa. Wauzaji watanuna, waache wanune.

Tatu, usafi wa plasmidi. E. coli, bakteria anayekuzia plasmidi, anapopasuliwa anaacha sumu ya ukuta wake iitwayo endotoksini, na ikibaki nyingi nguruwe atapata homa inayofanana na ugonjwa unaoutafuta. Pima joto siku mbili kabla ya chanjo ili ujue la kawaida, ambalo kwa nguruwe liko karibu na nyuzi 39. Na usisahau kundi linalopewa plasmidi tupu. DNA ya bakteria yenyewe inaamsha kinga hata bila jeni ya kirusi. Nimeona mabango ya mikutano ambayo kundi la kulinganisha lilipewa maji ya chumvi tu, na mwandishi amesimama pembeni anatabasamu.

La jeni ya ukinzani wa antibiotiki, inayowekwa kwenye plasmidi ili kuchagua bakteria walioibeba, nalipita haraka: tumia ya kanamisini kuliko ya ampisilini, na kama una uwezo, itoe kabisa. Wanaotoa vibali watakuuliza.

Linalonisumbua zaidi ni lile ambalo wengi wanaliacha mpaka mwisho, au hawaligusi. Plasmidi inaingia vizuri zaidi kwenye seli ukipitisha umeme kidogo kwenye msuli mara baada ya kudunga. Maabara zinapenda mbinu hii kwa kuwa matokeo yanaruka. Haya, nani atakuja na mashine hiyo Rungwe? Mama anamshika nguruwe kwa kamba mguuni, jirani anamsaidia, na wote watatu wanapiga kelele. Linganisha na chanjo ya I-2 ya mdondo wa kuku: tone moja jichoni, inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, na mwanakijiji aliyefundishwa anaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo sura ya chanjo inayofika. DNA ina bahati hapo, maana inavumilia joto kuliko kirusi hai. Ukiifunga kwenye mashine ya umeme, bahati hiyo umeitupa. Mimi ningekubali kinga pungufu kidogo kwa kifaa ambacho bwana mifugo anaweza kukibeba kwenye pikipiki.

Na kwa mfugaji aliyesoma mpaka hapa akitafuta mahali pa kununua: chanjo ya DNA ya homa ya nguruwe ya Afrika haipo sokoni. Anayekuuzia anakuibia. Chanjo zilizoanza kuruhusiwa Vietnam mwaka 2022 ni za kirusi hai kilichopunguzwa makali, zilizotokana na kirusi cha kundi la pili kati ya makundi ya kijeni ya kirusi hiki. Afrika Mashariki tuna la tisa na la kumi pia, na kinga ya kundi moja haivuki hivihivi kwenda jingine. Anayeingiza chupa kwa magendo anaweza kuwa anaingiza kirusi hai kisicho chetu.

Mwaka jana nilimweleza mama haya yote, plasmidi, lahaja, sindano fupi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Itakuwa bei gani, mwanangu?" Nikamwambia sijui. Akasema jirani yake aliuza nguruwe watatu kwa wauza kitimoto siku wawili walipoanza kukataa chakula, na kwamba yeye tangu siku hiyo hapokei makombo ya mtu. Anayachemsha ya kwake mwenyewe, ana viatu vya bandani ambavyo havitoki bandani, na dume la kupandisha haliazimwi tena. Kisha akanituma nikakaze bawaba ya mlango wa banda, ilikuwa imelegea.