Kabla ya kulaumu mnara, uliza maji yakoje

Kijana akija kwangu hapa Amu (Lamu) kujifunza kazi ya kufunga mtandao, huanza na kasi: megabiti ngapi, 5G imefika wapi. Mimi humpa ratiba ya maji kujaa na kupwa. Wengi hucheka.

Mimi nilifunzwa na aibu. Tulivusha mtandao kutoka mjini hadi kisiwa cha Manda, antena mbili zikitazamana juu ya maji, hakuna mti wala nyumba katikati. Siku ya majaribio video ilikuwa safi, tukalipwa. Siku ya tatu mwenye nyumba akapiga simu: akizungumza na mwanawe aliye ng'ambo, uso unaganda mdomo wazi, sauti inakatikakatika. Tukaenda, tukakuta iko sawa. Akapiga tena. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha ruta, nikalaumu mnara. Nahodha mmoja mzee aliyeketi gatini akaniuliza: "Hukatika maji yakiwaje?"

Nikaanza kuandika saa. Ilikatika maji yakijaa hadi kimo fulani, na tena yakipwa kupitia kimo kile kile. Yakijaa kabisa, salama.

Bahari ikitulia ni kioo. Wimbi moja la redio huenda moja kwa moja, jingine hugonga maji na kufika limechelewa kidogo. Kwenye masafa ya gigahezi 5 urefu wa wimbi ni kama sentimita 6, kwa hiyo njia ya pili ikibadilika sentimita 3 tu, mawimbi mawili yaliyokuwa yakisaidiana yanaweza kukutana yakauana. Na maji yanapopanda au kushuka, njia ile ya pili hubadilika nayo. Dawa haikuwa kuongeza nguvu. Tulirudisha antena nyuma kidogo, ukingo wa paa ukaziba lile wimbi linaloruka kutoka majini.

Barua pepe ingevumilia. Ingetumwa upya na mtu asijue. Mazungumzo hayangoji. Sauti inaweza kupita hata chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, mradi pakiti, vile vipande vidogo vya data, zifike kwa wakati, iliyochelewa hutupwa. Basi usimwonyeshe mteja namba kubwa ya kasi ukaondoka. Pima ucheleweshaji na pakiti zinazopotea, tangu maji kujaa hadi kupwa.

Ndani ya nyumba za mawe ya matumbawe ni vita vingine. Ukuta ule mnene hunyonya mawimbi, kwa hiyo vuta waya hadi kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, ruta ikae pale vyumba vinapofunguka. Chuma cha kawaida usikipandishe paani, chumvi itakila.

Mambo mapya yanakuja, sikatai. 3G ilianza Japani 2001, 4G Stockholm na Oslo 2009, 5G Korea Kusini 2019, na 6G inatazamiwa karibu na 2030. Ila masafa ya juu zaidi, yanayobeba data nyingi, ndiyo yanayoshindwa na ukuta upesi. Setilaiti za mtandao za Starlink ndizo zilizonishangaza: ziko kama kilomita 550 juu, ilhali zile za kilomita 36,000 hukuchelewesha robo ya sekunde kwa kwenda tu, na robo nyingine jibu likirudi. Watu wawili wanaosalimiana huishia kukatizana.

Wiki ijayo ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Nitapanda tena paa la Manda. Anayetaka kufuatana nami aje gatini na daftari lake.