Mistari ya tangi la pikipiki: kazi iko kabla ya brashi

Vijana wa boda hapa Malindi huniuliza swali lile lile: mbona mistari niliyojichorea nyumbani inabanduka? Wengi huilaumu rangi. Mimi naanza kuuliza tangi lilioshwa kwa maji gani.

Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Ukiliacha tangi likauke nayo, unabaki utando usiouona, na rangi inashika chumvi badala ya kushika tangi. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza kwa maji ya mvua au ya mfereji, kausha kwa kitambaa. Kisha chukua spiriti na vitambaa viwili: cha kwanza kinalowesha, cha pili kinafuta kabla spiriti haijakauka. Ukitumia kimoja, unayahamisha mafuta tu. Tangi lililozoea polishi lifute mara mbili, la sivyo rangi itakimbia na kuacha vitundu.

Msasa wa maji namba 800 au 1000 unatosha. Kwaruza kidogo mpaka mng'aro ufe pale mstari utakapopita, bati lisionekane.

Usipime kwa macho. Kata kigezo cha karatasi ya kaki kwa upande mmoja, kisha kigeuze kwa upande wa pili. Hapo mikunjo italingana. Chora kwa chaki, kwani penseli ya nta huacha mafuta. Ukingo wa mstari uwekee tepu nyembamba ya plastiki, ya milimita 3, inayokubali kupinda. Tepu ya karatasi ni ya kufunika sehemu nyingine. Kwenye kona hukunjamana na rangi ikapenya chini. Bonyeza ukingo kwa ukucha urefu wote. Nasema tena, urefu wote.

Rangi ya mafuta ipunguze kwa matone ya tina, ukiijaribu kwenye kipande cha kioo. Ikivuta brashi, bado nzito. Ikitanda yenyewe, umezidisha. Paka tabaka mbili nyembamba. Fanya asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa baharini haujaanza kuleta mchanga.

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika: kutoa tepu. Usisubiri rangi ikauke kabisa, maana ukingo utakatika kama meno ya msumeno. Subiri ule mng'aro wa umajimaji uondoke, ukigusa tepu yenyewe (si mstari) rangi inanata bila kuchafua kidole. Vuta polepole, ukiikunja tepu irudi nyuma juu yake yenyewe.

Sasa petroli. Rangi ya mafuta ya kawaida hulainika ikimwagikiwa, na boda hujazwa mafuta kila siku. Acha sentimita 5 kuzunguka kifuniko bila mstari, au funika tangi zima kwa klia (vanishi isiyo na rangi) ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuigandisha. Ukichagua klia, lote likwaruzwe kwa msasa kabla hujachora, na rangi ya mistari ikauke hadi ndani, wiki nzima au zaidi; ukiharakisha, tina ya klia itaikunja. Anza na mpulizo mwepesi sana, usubiri, ndipo uongeze. Mvuke wa hadna hudhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Kama huna barakoa yenye kichujio cha mvuke wa rangi, mpelekee fundi wa sprei hatua hiyo moja.